Msiseme Alilipenda Jiko

Ndugu, jamaa, majirani, na nyote mliopanda zile ngazi za ghorofa ya nne kuja kutushika mkono,

Ninayesoma ni binti wa kambo wa marehemu. Wapo wenye haki kunizidi ya kusimama hapa: mdogo wake wa kiume, mhasibu mstaafu, na kitinda mimba wao, muuguzi. Wote wameketi mbele. Lakini marehemu aliacha neno, tena wao wakiwepo, kwamba asomewe na mimi. "Hao watanisifu," alisema. "Wewe sema tu yaliyokuwa." Akaongeza sharti: "Msije mkasema nililipenda jiko. Semeni nilifungiwa humo, nikaona heri nipike vizuri." Wadogo zake waliupitia wasifu huu kabla haujachapwa. Hawakuondoa kitu.

Marehemu alizaliwa Jumatano, tarehe 12 Machi 1952, katika chumba cha nyuma ya bucha ya baba yake, ukuta mmoja na gogo la kukatia nyama. Yeye alikuwa mtoto wa kwanza. Mdogo wake wa kiume alizaliwa mwaka 1957, na kitinda mimba mwaka 1962. Wadogo hao walimwita Dada, kama ilivyo desturi, na jina likamganda. Baba yake akalichukua, muuza mkate akalichukua, mwisho hata mabibi wa umri wa kumzaa wakawa wanamwita Dada. Jina alilopewa na wazazi wake liko kwenye jalada la karatasi mlizoshika. Najua wengi wenu leo ndiyo mara ya kwanza kulisoma.

Alisoma shule ya msingi ng'ambo ya soko, kisha sekondari ya wasichana, akamaliza kidato cha nne mwezi Novemba 1970. Mama yao alifariki Septemba 1968 kwa homa ya mapafu, na tangu hapo Dada alipika uji wa wadogo zake kabla ya kwenda shule na chakula cha jioni aliporudi. Mwalimu wa jiografia alizoea kumtania: "Naona kitunguu kimeingia darasani." Naye alijibu bila kuinua uso kwenye daftari: "Kimekuja kusoma, mwalimu. Hakitaki kuishia kwenye sufuria." Darasa likacheka. Michoro yake ya mito na milima ilibandikwa ukutani hata baada ya yeye kuondoka.

Michoro hiyo ndiyo iliyompatia kazi. Februari 1971 aliajiriwa ofisi ya ardhi kama mchora ramani. Alikaa kwenye meza iliyoinamishwa, karatasi inayopitisha mwanga juu ya ramani ya zamani, kalamu ya wino mkononi, akifuatisha barabara za miji ambayo hajawahi kufika. Alituambia kwamba akishika kalamu ile alikuwa hasikii njaa. Alinunua viatu vyeusi vyenye kisigino kidogo. Mshahara wake wa kwanza aliwanunulia wadogo zake sare, na wa pili alijinunulia mwavuli, kwa sababu mtu wa ofisi, alisema, halowi kama kuku.

Kazi hiyo haikutimiza mwaka. Asubuhi moja ya Januari 1972, Mzee Bucha, kama mtaa ulivyomwita baba yake, alianguka mbele ya gogo lake, shoka mkononi. Daktari alisema moyo umepanuka, ndiyo maana miguu inavimba na pumzi inakatika. Nyama nyekundu basi. Mafuta ya wanyama basi. Chumvi, kidogo mno au iachwe kabisa. Ale mboga, nafaka na kunde, zilizopikwa na mtu makini, kila siku, kwa wakati wake.

Mzee Bucha alimtazama daktari kama anayetazama mwizi. "Mimi nimelisha nyama mtaa mzima. Leo nile kama mbuzi?"

Jioni ile alimwita bintiye. Mtoto wa kiume alikuwa sekondari, kitinda mimba bado mdogo, mama hayupo. "Mwaka mmoja tu, mwanangu," alimwambia. "Mpaka nisimame." Dada alienda ofisini kuaga. Mkuu wake wa kazi alimwambia kiti chake kitamsubiri. Mwavuli akausahau kule, na hakurudi kuuchukua, kwa kuwa alijua atarudi kwa kazi.

Mwaka mmoja ule ulikuwa miaka ishirini na miwili.

Jiko la nyumba ile nimeonyeshwa mwenyewe. Lilikuwa chumba chembamba chenye dirisha dogo linalotazama ukuta wa bucha. Mzee Bucha aliamuru mlango uwe unafungwa wakati wa kupika, maana harufu ilikuwa inamtia njaa kabla ya saa yake. Kwa hiyo Dada alipika mlango ukiwa umefungwa, moshi na mvuke vikitafuta njia pamoja naye. Mzee alitaka chai asubuhi, chakula cha mchana jua likiwa utosini, na cha jioni kabla ya taa kuwashwa. Katikati ya chai na mchana palikuwa na nafasi ya kwenda sokoni na kurudi. Ofisi ya ardhi ilikuwa mbali zaidi ya hapo. Alisema ni kama mbuzi aliyefungwa kamba ndefu: anajiona huru mpaka ajaribu kufika kwenye majani ya jirani.

Vyakula vya mwanzo vilikuwa vibaya, hakuficha. Kabichi ya kuchemsha, karoti za kuchemsha, maharage yasiyo na chumvi. Siku ya kwanza Mzee aliifunika sahani kifudifudi juu ya meza, akaondoka. Siku ya pili alikula vijiko viwili na kusema, "Hiki ni chakula cha mgonjwa." Dada akamjibu, "Na wewe ni nani, Baba?"

Basi akaamua kushindana. Kwa tabia yake ya mchora ramani, alirudia kitu kile kile mpaka mstari unyooke. Aligundua kwamba kitunguu hakitaki haraka: moto mdogo, mafuta kidogo, kijiko kikipita taratibu mpaka kiwe na rangi ya kahawia na utamu wake utoke wenyewe. Kwamba nyanya ikiondolewa mapema mchuzi unabaki na uchachu wa kijinga, lakini ikiachwa hadi mafuta yajitenge pembeni inakuwa kitu kingine. Bizari nyembamba na giligilani alizikaanga kavu kabla ya kuzisaga. Uyoga mkavu aliuloweka, na maji yake hakuyamwaga, aliyatia kwenye dengu. Boga alilioka na ganda lake. Kitunguu saumu alikikaanga mwisho kabisa na kukimimina juu ya chakula kikiwa bado kinalia. Na pale ambapo ulimi ulitafuta chumvi, alikamua ndimu.

Kubwa kuliko yote lilikuwa la mwaka 1973. Alichoma biringanya juu ya makaa mpaka ganda likawa jeusi, akalimenya, akalipondaponda na uyoga, karanga zilizosagwa na vile vitunguu vyake vya kahawia. Kisha akaweka kibakuli cha bati katikati ya sufuria, ndani yake kaa la moto, akadondosha tone la mafuta juu ya kaa, na akafunika haraka kabla moshi haujatoroka. Alipofunua, chakula kizima kilikuwa kinanukia kama nyama iliyotoka motoni.

Mzee Bucha alikula chote. Akafuta sahani kwa mkate. Halafu akauliza kwa sauti ya upole ambayo hawakuwa wameisikia tangu augue, "Dada, hii nyama umeitoa wapi?"

"Hiyo ni biringanya, Baba."

"Usinidanganye. Unaongea na mwenye bucha."

Akanyanyuka kwa fimbo yake, akaenda jikoni, akachokoa sufuria kwa upawa akitafuta mfupa. Akakuta kibakuli na kaa lililozimika. Akakiinua hadi usoni. "Mtoto huyu ananipikia makaa," aliwaambia wadogo wa Dada, kisha akarudi mezani na sahani akaisukuma mbele ijazwe tena.

Marehemu alisema siku ile aliosha vyombo huku akiimba. Alidhani ameshinda. Hakujua kwamba tangu siku ile Mzee hatakula tena mkono wa mtu mwingine. "Kila nilipopika vizuri zaidi," aliniambia, "ndivyo nilivyokaza kufuli. Na ufunguo nilikuwa ninaupika pamoja na mboga."

Kuhusu ndoa. Mwaka 1975 alikuja kijana fundi umeme kubadilisha nyaya za friji la bucha, ambayo Mzee alikuwa ameikodisha. Kazi ya siku moja ilimchukua muda, kwa sababu kila ikifika saa ya chakula aligundua waya mwingine mbovu. Mwaka uliofuata alileta wazee wake kuposa. Mzee Bucha aliwapokea vizuri, akawakaribisha chakula, wakala wakasifu. "Binti yangu simnyimi mtu," alisema. "Ila ngojeni kidogo nipate nafuu." Fundi akangoja. Kila akija kuuliza, Mzee alikuwa na nafuu, lakini si nafuu yenyewe. Na nafuu hiyo, jamani, ilitoka wapi kama si kwenye sufuria ya Dada? Akipika vizuri, baba anaishi. Baba akiishi, Dada haolewi. Na nani angemwombea baba yake mauti?

Mwaka 1979 fundi umeme alichoka kungoja, akaoa mwanamke mwingine. Mwanamke huyo ni mama yangu mzazi, na mimi nilizaliwa mwaka uliofuata. Nalisema hili kwa heshima ya mama yangu, ambaye naye ametangulia. Marehemu hakuwahi kunifanya nijihisi mwiba. Aliwahi kunitazama na kusema tu, "Kumbe wewe ndiye uliyekuwa unanisubirisha," akacheka, akanipa karoti nimenye.

Ilipofika 1983, mdogo wake wa kiume alikuwa tayari ameajiriwa na ameoa, na kitinda mimba amemaliza mafunzo ya uuguzi. Dada aliwaita wote wawili sebuleni. "Sasa zamu yangu," aliwaambia.

Mdogo wake alikuna kichwa. "Zamu ya nini, Dada?"

"Ya kutoka."

"Lakini Dada, wewe ndiye unayejua chakula chake. Mke wangu akimpikia, hali."

"Atajifunza kula."

"Atakufa."

Hakuna aliyesema kwa ubaya. Ndiyo maana, marehemu alisema, hakupata mtu wa kugombana naye.

Akabuni hila. Aliamua kupika vibaya. Kama ni mkono wake mzuri uliomfunga, basi auharibu. Alitia kabichi kwenye maji mengi na kuiacha ichemke hadi inuke. Wali akauacha ushike chini. Dengu akazipeleka mezani zikiwa bado ngumu kama changarawe. Na vitunguu, ambavyo ndivyo vilivyomwuma zaidi, alivitazama vikipita rangi ya kahawia, vikawa vyeusi, na mikono yake miwili akaikalia ili isivikoroge.

Alitegemea Mzee atatupa sahani. Alitegemea atapiga kelele, aseme kwa kinywa chake mwenyewe, "Tafuteni mtu mwingine." Mzee Bucha alikula. Alitafuna yale mawe ya dengu siku baada ya siku, akinywa maji, bila kulalamika. Uso wake ukaanza kukonda. Mwishowe alimshika mkono alipokuwa anaondoa vyombo, akamwambia, "Umechoka sana siku hizi, mwanangu. Si kitu. Kesho utapika."

Dada alirudi jikoni, akafunga mlango kama kawaida, akakaa juu ya gunia la viazi, akalia. Kesho yake alipika. Aliniambia kwamba katika maisha yake yote hajawahi kupika chakula kitamu kama kile, wala hajawahi kukichukia chakula namna ile.

Mara ya pili aliondoka kweli. Mwezi Mei 1985 alipanga chumba upande wa pili wa mji, juu ya duka la vioo, na kitinda mimba akahamia kwa baba ili amwangalie. Dada alienda ofisi ya ardhi. Mkuu wake wa zamani alikuwa amestaafu, na msichana aliyekaa kwenye meza ile iliyoinamishwa alikuwa darasa la kwanza wakati yeye anaaga. Hawakumfukuza. Walimwambia aje mwezi ujao, huenda ikapatikana kazi ya kupanga majalada. Akarudi chumbani kwake na kula mkate na chai, mlo wa mtu asiyepikia mtu. Alisema mkate ule ulikuwa mtamu kupita biringanya.

Mwezi haukuisha. Kitinda mimba alipanda ngazi za duka la vioo akiwa bado na sare za hospitali. "Dada, Baba amelazwa."

Mzee Bucha alikuwa amemtuma jirani bucha, akanunuliwa mbavu, akazila na chumvi yake yote. Dada alipofika kitandani kwake alimkuta amewekewa hewa ya oksijeni. Mzee aliiondoa puani ili aongee. "Ulidhani nitakula kabichi ya mtu mwingine?"

Akarudi nyumbani. Chumba cha juu ya duka la vioo alikiacha na godoro lake ndani.

Wapo watakaoona namsema vibaya marehemu babu. Dada mwenyewe hakumsema vibaya. Alisema baba yake alikuwa mtu aliyenyang'anywa kitu alichokipenda, akashika alichobakiwa nacho kwa mikono miwili, na aliyeshikwa ni yeye. Mzee Bucha alifariki tarehe 9 Juni 1994, usingizini, akiwa ameshiba. Msibani watu walishangaa moyo ule kudumu vile. Msemaji mmoja alisema, "Tumshukuru Mungu kwa kumpa binti aliyependa sana kupika." Kitinda mimba alikuwa amekaa karibu na Dada, naye anashuhudia leo kwamba Dada alitamka kwa sauti ya kawaida tu, "Nani kamwambia?"

Mwaka 1996 fundi umeme, baba yangu, alikuwa mgane wa miaka mitano. Swichi ya sebule ya Dada iliharibika, au alisema imeharibika, hilo wanalijua wao wawili. Alipomaliza kuitengeneza alisimama na bisibisi mkononi, mvi kichwani, akasema, "Mimi bado ninauliza lile swali langu."

Dada akamjibu, "Sipiki."

"Nini?"

"Nimesema nikiolewa, sipiki. Nimemaliza. Ukitaka mpishi, tafuta mpishi."

"Nitapika mimi," alisema baba.

Walifunga ndoa tarehe 14 Desemba 1996. Bibi harusi alikuwa na miaka arobaini na minne, na chakula cha harusi kilipikwa na majirani. Kitu cha kwanza alichoomba alipoingia nyumbani kwetu, ghorofa ya nne, ni baba aung'oe mlango wa jikoni. Si kuufungua, kuung'oa. Baba alichomoa bawaba moja moja, tukaubeba mlango hadi chini na kumpa fundi seremala.

Kisha baba akapika. Ndugu zangu, mnamfahamu baba kwa umeme. Kabichi yake ilikuwa inavutika kama waya. Viazi vyake vilikuwa na moyo mgumu kama balbu. Mimi, binti wa miaka kumi na sita, nilikuwa msaidizi wake na sikuwa bora. Mke wake alikaa mezani, akala kila alichowekewa, akasema ahsante, akarudi dirishani kuchora paa za nyumba za jirani. Miezi ikapita. Tukaamini kwamba kweli kamaliza.

Jumamosi moja baba alikuwa anakaanga vitunguu kwa moto wa kuchomelea vyuma. Kiti kikasogezwa sebuleni. Dada akaja akasimama pale mlango ulipokuwa. Akatazama sufuria. Akavumilia. Halafu akasema, "Fundi, toka hapo kabla sijakufa."

Alipika biringanya lake. Mimi nililamba sahani, wakubwa wananiona, sikujali. Kesho yake nilingoja kwa hamu, lakini jikoni aliingia baba na kabichi. Hivyo ndivyo ilivyokuwa: alipika siku aliyotaka, na siku asiyotaka tulikula waya. Hakuna aliyethubutu kumwuliza. Mdogo wake mhasibu aliwahi kumshauri afungue mgahawa, akijua watu watapanga foleni hadi barabarani. Dada alimtazama kwa huruma. "Nimetoka jela, mdogo wangu. Unataka nijenge ya kwangu?"

Mwezi Oktoba 2019 alipata kiharusi. Mguu na mkono wa kushoto vikalala. Hospitali ilimrudisha kwenye kiti cha magurudumu, vijana wanne wakampandisha, na lifti ya jengo letu, mnavyojua wote mliohema leo, haijawahi kupona. Tangu siku hiyo hakukanyaga tena ardhi. Alikaa kati ya kuta zile, kitandani, dirishani, jikoni. Baba akashusha kikapu kwa kamba hadi chini, na muuza mboga akawa anakijaza huku wakibishana kwa sauti kuhusu ukubwa wa mafungu. Nilimkuta mara moja ameegemea dirisha. "Nimerudi," aliniambia. Nikadhani anazungumzia hospitali.

Mnajua ya mwaka 2021 kwa nusu tu, nami nimepewa ruhusa kuyasema yote. Mdogo wake mhasibu alianguka bafuni kwake. Daktari akamwambia yale yale: moyo umepanuka, nyama basi, mafuta basi, chumvi basi. Mke wake alikuwa ametangulia. Binti yake wa pekee, mfamasia, alikuwa ameshapata kazi nchi nyingine, na begi limefungwa. Akalifungua. Alikuja huku kwa shangazi yake, akaketi karibu na kile kiti cha magurudumu, akasema, "Shangazi, nifundishe yale mapishi ya babu. Nimewaomba kazini wanisubiri. Ni mwaka mmoja tu."

Sijawahi kumwona marehemu akikasirika kama siku ile. "Mpigie simu baba yako," alimwagiza binti huyo. "Aje. Aje na kisu."

Mhasibu alifika anahema kutokana na ngazi. Alikuwa ameshika kisu cha mkate, ndicho alichokipata.

"Huyu mtoto hampikii mtu," Dada alimwambia. "Atasafiri."

"Dada, sijamlazimisha. Mwenyewe ameona..."

"Hata mimi sikulazimishwa. Keti."

"Nina miaka sitini na nne, Dada. Sijawahi kuchemsha yai."

"Una mikono miwili. Mimi nina mmoja, na bado nakushinda. Menya hicho kitunguu."

Alimenya. Alilia, na hatukujua ni kitunguu au ni nini. Binti yake alitaka kumpokea kisu, shangazi akampiga mkono. "Wewe kaa. Leo wewe ni mgeni." Alimsimamia mdogo wake kutoka kwenye kiti chake, palipokuwa na mlango, kama mwalimu wa gwaride. Punguza moto. Usikoroge, hakijakuomba. Ngoja. Ngoja nimesema. Kitunguu cha kwanza kiliungua, cha pili kikaungua nusu. Alirudi kesho yake, na wiki iliyofuata, na akaendelea kurudi mwezi mzima hadi akaweza. Mfamasia alisafiri mwezi Septemba mwaka ule. Shangazi yake alimuaga kutoka dirishani, na akabaki pale muda mrefu baada ya gari kukata kona.

Kiharusi cha pili kilimpata tarehe 29 Julai mwaka huu wa 2023. Alitibiwa hospitali, akapoteza kauli, na akafariki Jumatano, tarehe 2 Agosti, mumewe akiwa amemshika mkono ule uliokuwa bado unahisi. Alikuwa na umri wa miaka sabini na mmoja.

Ameacha mume, fundi umeme mstaafu. Ameacha binti mmoja, ambaye ni mimi, na wajukuu wawili. Ameacha mdogo wake wa kike, muuguzi, na mdogo wake wa kiume, mhasibu, ambaye ndiye aliyeamka alfajiri leo na kupika chakula mtakachokula baada ya mazishi. Mtakikuta hakina nyama, wala chumvi haijazidi. Kuleni, ni kitamu. Ameacha pia mtoto wa mdogo wake huyo, mfamasia, ambaye hamtamwona hapa. Alipiga simu akilia, akitaka kuja, na kubaki amtunze baba yake. Baba yake akachukua simu na kumwambia, "Baki kazini, mwanangu. Mimi nimeshakula."

Mama Dada, lala. Pumzika kwa amani ya Mungu, na pasiwe na mtu wa kukuamsha akuulize leo tunakula nini.